Mama Yetu Alikuwa na Kwao



Safu hii kwa kawaida huzungumzia malezi, nyumba na haki za jamaa. Juma hili twaomba idhini yenu tumzungumze mtu mmoja tu, marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake. Hatumtaji kwa kuwa alikuwa bora kuliko mama zenu. Twamtaja kwa kuwa kuna jambo tulilolikosa kwake miaka mingi, na twahofia kwamba wengi katika nyinyi mwalikosa kwa mama zenu walio hai hivi leo.

Mama alifariki mwaka 2014, baada ya Magharibi, nyumbani kwa dada yetu mtaani Buru Buru, Nairobi. Asubuhi yake jamaa wa Mombasa waliosafiri kwa basi la usiku walikuwa wamekwisha kuwasili, na wanawake wamejaa ndani, misahafu imegawanywa juzuu kwa juzuu. Kabla ya adhuhuri matatu mbili zikasimama langoni. Wakashuka watu wapatao thelathini: wanawake waliofunga vitambaa vyao kisogoni, na wazee wa kiume waliovaa makoti na kushika kofia mikononi. Bibi kizee mmoja alishikwa mkono hadi mlangoni, akavua viatu, akaenda kuketi mkekani karibu na chumba alichokuwamo maiti.

Mkwe mmoja wa Mombasa, mtu wa makamo, alituita kando akatuuliza kwa sauti ya chini, "Hawa nao ni nani?"

Tukamjibu, "Hawa ndio kwao mama."

Alistaajabu, naye alikuwa na haki ya kustaajabu, kwani kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa akimjua mama kuwa ni mtu wa Lamu. Lau angetuuliza swali hilo miaka saba kabla, na sisi tungenyamaza.

Mama hakuijua siku aliyozaliwa. Aliuhesabu umri wake kwa njaa. Ilipoingia njaa kuu ya mwaka 1943, ambayo Wakikuyu huiita njaa ya mihogo, yeye alikuwa msichana wa kutumwa mtoni peke yake. Kwa hiyo twakadiria alizaliwa katikati ya miaka ya 1930. Kwao kulikuwa katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati wa Waingereza, nayo leo ni Murang'a, juu ya mgongo wa kilima unaotazamana na mto Mathioya. Alikuwa binti wa pili. Kwa ada ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na kwa sababu hiyo mama mzazi humwita binti huyo "maitu", yaani mama yangu. Ndivyo alivyoitwa utotoni mwake. Alikuwa mtoto, na mama yake akimwita mama.

Alichota maji, akatema kuni, akapanda maharagwe na viazi vitamu. Wanawake wa kule hubeba mzigo mgongoni, na ukanda wa ngozi unaoushikilia hupita juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Anayeanza kazi hiyo angali mdogo hubakiwa na alama: bonde dogo lisilofutika. Mama alikuwa nalo. Dada zetu walilishika kwa vidole vyao kila walipompaka mafuta na kumsuka nywele, kisha ushungi ukalifunika. Hata siku moja hapana aliyeuliza bonde lile limetoka wapi.

Mnamo mwaka 1951 aliletwa Nairobi. Mama yake alikuwa na dada aliyekwisha kusilimu zamani, naye akiishi Majengo ya Pumwani. Dada huyo aliugua mguu, akaomba apelekewe msichana wa kumsaidia kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukawa aushi nzima.

Wasomaji wa pwani wanaijua Majengo ya Mombasa. Hii ya Nairobi ni nyingine, lakini lau mngeingia ndani yake miaka hiyo msingejiona wageni. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikawa mahali pa Waafrika kujijengea nyumba zao wenyewe mjini: fito na udongo, paa la mabati au madebe yaliyokunjuliwa, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Lugha ilikuwa Kiswahili, vazi lilikuwa leso na buibui, na sauti ya adhana ya Msikiti wa Riyadha ndiyo iliyoigawanya siku. Sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Twajua vilevile jinsi jina la Majengo linavyotajwa kwa kukunja midomo, na mambo yanayosemwa juu ya wanawake wake. Sisi tuliolelewa humo twashuhudia kwamba walikuwamo waja wema waliofunga, wakasomesha mayatima na kuwazika maskini kwa sanda walizozinunua kwa senti zao. Hukumu ya wengine iko kwa Mola wao.

Mwenye nyumba aliyopanga mamake mkubwa alikuwa ajuza wa Lamu, mjane asiye na mtoto. Mama alimwita Bibi, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Bibi ndiye aliyemfundisha mama kukuna nazi na kuchuja tui, kuumua mahamri, kusuka ukili, na kuzitamka herufi za Kiarabu. Mwaka 1953 mama alitamka shahada mbili mbele ya Bibi na mwalimu wa chuo. Alipeleka habari kwao. Baba yake hakujibu kwa maneno, ila alimpelekea kibuyu cha mtama, naye akafahamu kwamba hakutupwa. Mwaka huo huo mamake mkubwa akafariki, na mama akabaki mikononi mwa Bibi.

Wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, zikiwa zimebaki kama siku kumi kuingia Ramadhani, askari wa Kiingereza na wenzao waliuzingira mji wa Nairobi katika msako walioupa jina la Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilifungwa mmoja baada ya mwingine, nyumba zikapekuliwa, watu wakatolewa nje. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa. Maelfu ya wanaume walipelekwa kambini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa rizavu. Nyinyi mnaosafiri baina ya Mombasa na Nairobi mwapita Manyani na Mackinnon Road kila mara. Mama naye alipita huko kwa gari la moshi kila tulipokwenda kwa jamaa wa baba, na kila mara alijifanya amelala. Tulidhani ni uchovu wa safari.

Siku ilipofika zamu ya nyumba yao, wapangaji walipangwa mstari uani. Alikuwapo mtu aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho, akipitishwa mbele ya watu na kutikisa kichwa. Alipopita, askari akamsimamia mama, akamwuliza kabila lake. Kabla hajafungua kinywa, Bibi alisema, "Huyu ni mwanangu. Sisi watu wa Lamu." Askari hakuridhika na neno la ajuza, akamtaka msichana mwenyewe aseme: baba yake nani, na kwao wapi?

Mama alilitaja jina la marehemu mume wa Bibi. Kisha akasema, "Sina kwetu bara."

Wakamwacha. Mpangaji wa chumba cha tatu, mama wa watoto wawili, alitolewa akapandishwa kwenye lori pamoja na watoto wake, na mama hakumwona tena mpaka kufa kwake.

Neno hilo lilimwokoa, na kuanzia siku hiyo likamfunga. Mtu aliyejitaja kuwa Mswahili wa Lamu hawezi kuomba kibali cha kwenda Fort Hall. Hawezi kupokea barua ya Kikuyu. Huko nyuma watu wa kwao walihamishwa kwa nguvu kutoka migongoni mwa vilima, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, na humo njaa na maradhi yakawala. Baba yake alifariki humo mwaka 1957. Mama alipata habari miezi minane baadaye kwa mchuuzi wa ndizi sokoni Gikomba. Hakuweza kuweka matanga, kwani mbele ya watu baba yake alikuwa mzee wa Lamu aliyekufa zamani. Alirudi nyumbani akawasha kuni mbichi, akaketi mbele ya moshi mpaka jioni, ili atakayemwona asiulize macho yake yana nini.

Kabla ya hapo, mwaka 1956, alikuwa ameolewa na baba yetu, mtu wa Mombasa, fundi katika karakana za reli. Huenda msomaji akauliza nikaha ilifungwaje, na binti alitajwa kuwa wa nani. Bibi hakuthubutu kuichezea nikaha. Alimwendea sheikh kwa siri akamweleza ukweli wote, na kwa kuwa baba mzazi hakuwa Mwislamu, mama aliozwa kwa uwalii wa kadhi. Baba alijua basi, na sheikh alijua, na Bibi. Wote watatu waliinyamazia siri hiyo mpaka wakaingia nayo kaburini.

Hali ya Hatari ilipoondolewa Januari 1960, mama alikuwa amekwisha kutuzaa wawili katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, ile iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg. Mwaka uliofuata alipanda gari la moshi la Nanyuki, akashuka Maragua, akapanda vilima kwa miguu akiwa ndani ya buibui, huku watoto wa njiani wakimkimbia. Alimkuta mama yake shambani. Walitazamana. Miaka kumi ilikuwa imepita. Bibi yetu aliweka jembe chini akasema neno moja tu, "Maitu," kisha akamwuliza kama amekula.

Alikuwa amesikia kwamba Waislamu hawali chakula kilichoingia katika chungu cha kila nyama. Safari ya pili ya mama alimkuta amenunua sufuria mpya kwa fedha ya maharagwe, ameitundika ukutani peke yake. Hapana aliyeruhusiwa kuigusa. Humo alipikiwa mama viazi, ndizi na mboga kila alipokwenda. Bibi yetu hakusilimu, wala jina la Kiislamu la mwanawe hakulitamka hata mara moja, na sufuria ile ilitundikwa ukutani mpaka alipokufa mwaka 1984, kisha binti yake mdogo akaitundika kwake.

Mama alikwenda kila baada ya miezi mitatu. Alibeba kiondo chenye sukari, majani ya chai na leso mbili, akarudi na kiondo hicho hicho kimejaa viazi vitamu na maharagwe mabichi. Sisi tuliambiwa, "Nakwenda bara kutazama mgonjwa." Mgonjwa gani huyo asiyepona wala kufa kwa zaidi ya miaka ishirini? Tulikula viazi vyake wala hatukuuliza.

Kuna siku moja tulikaribia kuujua ukweli, nasi wenyewe tukaukimbia. Mwaka 1978 sheria ilibadilishwa, na wanawake wakatakiwa kuandikishwa vitambulisho kama wanaume. Mmoja wetu, aliyekuwa na umri wa kuandikishwa, alifuatana na mama. Karani akamwuliza mama wilaya aliyozaliwa. Ilikuwa lile lile swali la askari, limekuja tena baada ya zaidi ya miaka ishirini, safari hii kutoka nyuma ya meza. Mama akajibu kwa sauti iliyosikika na mstari mzima, "Murang'a." Akalitaja jina la baba yake mzazi, herufi kwa herufi, karani akaandika.

Tukiwa njiani kurudi tulimlaumu. Tulimwambia amewatia aibu jamaa wa baba, na kwamba watu watatuita Waswahili wa kujipachika. Astaghfirullah. Mama hakugombana nasi. Alisema, "Nimechoka, wanangu," akaongeza mwendo. Na sisi, badala ya kumwuliza amechoka na nini, tuliukunja mdomo kwa miaka thelathini mingine. Tunaliandika hili bila ya kulipamba. Askari wa mwaka 1954 alimlazimisha mama amkane baba yake kwa bunduki. Sisi wanawe tulimlazimisha aendelee kumkana kwa haya zetu.

Nasi hatukuzizua haya hizo wenyewe. Twazikuta midomoni mwetu, sisi watu wa pwani na tulioshikamana na pwani. Mara ngapi neno "wa bara" hutamkwa nyumbani mwetu kama kasoro ya mtu? Ni mama wangapi walioolewa katika koo zetu, wakaswali na kufunga na kutulea, na wakafichwa wazazi wao kama deni?

Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia nchini, watu walianza tena kuulizana makabila mabarabarani. Mama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia kwa dada yetu Buru Buru, alikatazwa kutoka nje. Alikaa dirishani siku nyingi bila ya kusema. Amani iliporejea alikwenda darsa ya wanawake kama ilivyokuwa desturi yake, na siku hiyo mwalimu akasomesha hadithi sahihi iliyo kali mno: kwamba anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua, Pepo imeharamishwa kwake. Mama alirudi akakataa chakula cha jioni. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu alimrudia mwalimu, akamweleza habari ya uani kwa Bibi mwanzo hadi mwisho, akamwuliza kama kuna toba.

Mwalimu huyo, Allah amlipe kheri, alimkumbusha aya ya Sura An-Nahl inayomtoa katika hatia mtu aliyelazimishwa hali moyo wake umetua juu ya imani, na kisa cha Ammar bin Yasir aliyeteswa na makafiri wa Makka mpaka akatamka waliyoyataka, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamliwaza. Ikiwa neno la ukafiri husamehewa kwa aliyelazimishwa, seuze jina lililotajwa mbele ya bunduki? Lakini aliongeza jambo. Alimwambia kwamba hofu imekwisha ondoka zamani, na wapo watu ambao bado hawajaambiwa ukweli. "Warudishie watoto wako babu yao," alimwambia.

Ndipo alipotukusanya sote wanne siku ya Jumapili, akatueleza haya tuliyowaeleza nyinyi. Alizungumza tangu baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi. Alipomaliza, mmoja wetu alimwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Alitutazama kwa mshangao. "Hamkuniuliza," akasema.

Mwezi uliofuata alitupeleka Murang'a. Tulimkuta mama yetu mdogo, dada yake wa mwisho, na wajomba, na watoto wa wajomba wenye pua na nyusi kama zetu. Hawakushangaa kutuona, kwani walikuwa wakiyajua majina yetu sote na miaka tuliyozaliwa, na nani aliwahi kuugua surua. Mama alikuwa akiwapelekea habari zetu miaka yote hiyo ndani ya kiondo kile kile. Sisi tu ndio tuliokuwa hatuna habari.

Miaka yake miwili ya mwisho maradhi ya usahaulifu yalimwingia. Alianza kusahau funguo, akaja akasahau majina yetu, hatimaye ikamtoka lugha. Kiswahili alichokisema kwa miaka sitini, Kiswahili chenye lafudhi ya Lamu ya Bibi, kilimwondoka kidogo kidogo kama maji ya kupwa, kikabaki Kikuyu cha utoto wake. Wanawe tuliketi kitandani kwake tukamsikia akituomba kitu, nasi hatukujua ni maji au ni blanketi. Hapana lililotuumiza kama hilo. Tulimwita mama mdogo kutoka Murang'a, naye mwenyewe amevuka miaka sabini, akaja akaketi mkekani, akawa mkalimani baina ya mama na watoto aliowazaa. "Asema ana baridi." "Asema mmletee mwanangu mkubwa." "Amwita baba." Maneno ya Kiarabu peke yake hayakuhitaji mkalimani. Shahada haikumtoka, wala Alhamdu, na usiku dada zetu walimsikia akizisoma kwa matamshi aliyofundishwa na yule ajuza.

Laiti hatungeuunganisha udugu ule miaka sita kabla, nani angetwambia kwamba mama ana baridi?

Turejee siku ya mazishi. Mzee mmoja katika wajomba alisimama akasema kwamba mtoto wao apelekwe akazikwe kwao, juu ya mgongo wa kilima, karibu na mama yake. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo heshima aliyoijua. Vijana wa msikitini wakaanza kunung'unika, na tuliona shari ikikaribia mlangoni. Wasomaji wanajua ni maiti wangapi wa nchi hii waliogombaniwa namna hiyo mpaka mahakamani. Mama mdogo aliinuka kutoka mkekani. Akasema kwa Kikuyu, na mpwa wetu mmoja akatufasiria, kwamba dada yake alikwisha kumwambia kwa kinywa chake, akili yake ingali timamu, kwamba azikwe kwa ada ya dini yake na mahali watakapoweza watoto wake. Mzee akavaa kofia yake, kisha akaivua tena, akasema, "Basi." Mama akaswaliwa baada ya Adhuhuri na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariakor. Wajomba walilishika jeneza pamoja nasi kutoka nyumbani. Wanawake wa Murang'a walishangaa kwamba wanawake hatufuati jeneza, tukawaeleza, wakabaki nasi wakaketi. Mama mdogo alifungua kiondo chake akaitoa sufuria ile, imechakaa masikio, akaiweka mbele yetu.

Mama aliacha wasiya ulioandikwa na kushuhudiwa. Sheria yetu haimrithishi asiyekuwa Mwislamu kwa Mwislamu, wala Mwislamu kwake, jambo ambalo wengi wanalijua nusu, wakalifanya kisingizio cha kuwatupa jamaa. Nusu ya pili ni hii: Mwislamu anaweza kumwusia jamaa yake asiyerithi katika thuluthi ya mali yake. Mama alimwusia dada yake sehemu ya akiba yake ndogo. Tulimlipa kabla ya kugawana chochote.

Sura Luqman, hata pale inapotukataza kuwatii wazazi wakitushurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, yatuamrisha papo hapo kukaa nao duniani kwa wema. Na Bi Asmaa binti Abubakar, mama yake alipomjia Madina hali bado ni mshirikina, alikwenda kumwuliza Mtume kama amuunge, akaamrishwa amuunge. Dini haikumtenga mama yetu na kwao. Bunduki ilimtenga, na kisha ukimya wetu.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, juma hili msiende kwa mama zenu na salamu za simu tu. Ketini chini. Waulizeni majina ya bibi zao na babu zao, mwandike. Waulizeni ni nani aliyewanyonyesha na ni nani waliyemnyonyesha, kwani udugu wa ziwa huharamisha ndoa, na watoto wengi hawaujui. Waulizeni wanadaiwa na nani, wanamdai nani, na kama wasiya wao umeandikwa. Waulizeni walipita wapi mwaka fulani na mwaka fulani. Na mkiona alama katika mwili wa mama, iulizeni imetoka wapi angali na lugha ya kuwajibu.

Ewe Mola wetu, mrehemu mama yetu, na Bibi aliyemficha, na mpangaji wa chumba cha tatu na wanawe popote walipofikia. Wape subira jamaa zake wa bara na wa pwani, na uwahifadhi mama walio hai katika majumba ya wasomaji hawa. Amin.

Wabillahi tawfiq.